Kabla Hujanunua Kifaa cha Kupima Tunda na Udongo: Mawimbi Yanaona Maji, Hayaoni Mbolea



Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa Njombe, mwenye ekari 3 za parachichi aina ya Hass, alinitumia video saa nne usiku. Kuna mtu ameshika kifaa kama tochi, anakigusisha kwenye tunda, maandishi yanatokea: limekomaa. Anahamia chini, anachomeka kwenye udongo, zinatokea namba za naitrojeni, fosforasi, potasiamu, unyevu na uchachu wa udongo, zote ndani ya sekunde tatu. Muuzaji anasema ni teknolojia ya mawimbi ya maikrowevu. Bei laki nane na nusu. Chini ya video kijana kaandika: "Bwana shamba shikamoo. Nichukue hiki? Dalali anataka tuvune Jumamosi, mimi naona bado bado."

Hapo kuna maswali mawili, na la dalali ndilo lenye hela. Huu ni mvuno wake wa kwanza wa maana. Parachichi haliivi likiwa mtini, linaiva baada ya kuchumwa, kwa hiyo ukilitazama kwa macho ni rahisi kudanganyika. Lililochumwa changa haliivi vizuri: linasinyaa, ngozi inakunjamana, nyama inakuwa kama mpira na ladha ya maji maji. Ubaya ni kwamba siku ya kupakia linaonekana zuri kabisa. Tatizo linajitokeza huko mbele kwa mnunuzi, na wewe huku umeshalipa madeni ukidhani mambo yameisha.

Nilimjibu: marahaba, usilipe kwanza. Nikampa maelezo kwa simu, lakini najua video ile imezunguka kwenye magrupu mengi, kwa hiyo leo naandika kwa kirefu.

Maikrowevu inaona nini hasa?

Nianze kwa kusema kwamba teknolojia yenyewe sio uongo. Mawimbi ya maikrowevu ni ndugu wa mawimbi ya redio, ila yanatetema kwa kasi kubwa zaidi. Jiko la maikrowevu la nyumbani linatumia gigahezi 2.45, yaani wimbi linageuka mara bilioni 2.45 kwa sekunde moja. Chembe ya maji ina upande chanya na upande hasi, kama betri ndogo sana. Wimbi likipita, chembe zinageuka kulifuata, huku na huku. Ndiyo maana ukiweka sahani tupu na kikombe cha chai kwenye jiko hilo, chai inachemka na sahani inabaki karibu vile vile. Kifaa cha kupimia kinatumia wimbi hafifu mno, hakipashi kitu. Kinasikiliza tu wimbi limerudi likiwa limebadilika kiasi gani.

Wataalamu wana namba ya kueleza jinsi kitu kinavyoliitikia wimbi. Hewa ni 1. Mafuta ni kama 2 mpaka 3. Udongo mkavu kabisa ni 3 mpaka 5. Maji ni karibu 80.

Hebu rudia kuziangalia namba hizo. Kila kitu shambani kiko chini kabisa, maji peke yake yako juu. Kwa hiyo ukipitisha wimbi kwenye udongo au tunda, unachokiona kwa uwazi ni maji. Vingine vyote ni minong'ono. Mkishika hilo, mtaweza kumhoji muuzaji yeyote.

Na wengi wenu mmeshakutana na ndugu wa karibu wa teknolojia hii bila kujua. Kile kipima unyevu cha mahindi pale ghalani, kinachosema mahindi yako yako 15 wakati kiwango cha Afrika Mashariki ni yasizidi asilimia 13.5, vingi vyake vinafanya kazi kwa kusoma namna nafaka inavyouitikia umeme. Mawimbi yake ni ya polepole kuliko maikrowevu, lakini akili ni ile ile. Na mnakumbuka kwamba lazima kwanza uchague "mahindi". Ukisahau kikabaki kwenye "maharage", namba inakuja ya ajabu. Kila zao lina marekebisho yake. Sasa jiulize kifaa cha kwenye video kinagusishwa embe, papai, parachichi na udongo bila kubadilishwa chochote, kinajua vipi kimeshika nini?

Upande wa matunda

Swali la kwanza la vijana wa matikiti ni sukari. Mnataka kujua tikiti limeiva bila kulipasua, badala ya kuligonga gonga na kubahatisha. Ni hamu ya siku nyingi, hata huko Marekani. Mtafiti anaitwa Stuart Nelson, wa idara ya kilimo ya nchi hiyo kwenye kituo cha Athens, jimbo la Georgia, alitumia maisha yake ya kazi kupima mazao kwa mawimbi ya namna hii. Miaka ya 2000 yeye na wenzake walipima matikiti na matikiti asali kwa mawimbi mbalimbali, kisha wakapima sukari ya matunda yale yale. Unyevu na sukari vilihusiana vizuri. Lakini kutoka kwenye wimbi moja kwa moja kwenda kwenye sukari, uhusiano ulikuwa dhaifu.

Ukifikiri unaona kwa nini. Tikiti tamu na tikiti la maji matupu yanatofautiana sukari pointi mbili tatu tu. Yote mawili zaidi ya sehemu 85 kwa 100 ni maji. Wimbi linaona bahari ya maji kwenye yote mawili. Halafu kuna suala la kina: kwenye kitu chenye maji mengi hivyo, wimbi kama la jikoni linaishia sentimita chache tu, basi. Ganda la tikiti peke yake linakula sehemu ya safari. Kiini kitamu hakijaonwa.

Kwa sukari, rifraktomita ya mkononi bado ndiyo mfalme. Unapasua tunda moja kwenye kundi, unakamua tone, unasoma briksi. Kwa matikiti yaliyobaki angalia kikonyo cha kujisokota kilicho jirani na tunda kama kimekauka, na doa la chini kama limetoka kwenye weupe likawa njano.

Parachichi ni habari nyingine. Hapa hatutafuti sukari. Tunda la Hass linavyokomaa, maji yanapungua na mafuta yanachukua nafasi yake. Maji 80, mafuta 2 au 3. Hapo wimbi lina kitu cha kuona! Kinadharia maikrowevu inafaa kwa parachichi kuliko kwa tikiti, na nisingeshangaa kuona kifaa cha kuaminika siku moja. Ila kitahitaji kurekebishwa kwa Hass, ngozi yake na ukubwa wake, tena kwa kulinganishwa na kipimo cha kweli cha maabara. Muuzaji wa video hakuwa na karatasi ya namna hiyo. Nilimwandikia kumuuliza, akanijibu kwa picha ya kifaa.

(Kuna vifaa vingine vya mkononi vinavyotumika kwenye biashara ya maembe, kwa mfano huko Australia, vinavyosoma maada kavu bila kukata tunda. Hivyo vinatumia mwanga usioonekana, ulio jirani na mwekundu. Sio maikrowevu. Wauzaji wetu wanavichanganya makusudi au kwa kutojua.)

Maikrowevu unayoweza kuitumia wiki hii

Hapa ndipo nilipomfurahisha kijana wangu. Kipimo kinachokubalika cha ukomavu wa parachichi ni maada kavu: kile kinachobaki maji yote yakitoka. Kiwango cha kimataifa kinachotumika kwa matunda ya kwenda Ulaya kinataka Hass ifike angalau asilimia 21. Fuerte ni 20. Wanunuzi wengi wanataka zaidi ya hapo kwa usalama wao. Na njia ya kukausha sampuli inayotumika sana kwenye pakihausi ni jiko la maikrowevu la kawaida, lile la kupashia wali.

Unavuna matunda kama 10 kutoka miti tofauti, yenye ukubwa unaofanana na yale unayotaka kuuza. Usichague makubwa tu ili ujifurahishe. Kila tunda linapimwa peke yake. Lipasue kwa urefu, chukua kipande upande mmoja na kipande upande wa pili, toa ganda la nje na kile kingozi cha kahawia cha mbegu. Kwangua au kata vipande vyembamba sana. Pima gramu 10 kwenye kisahani ambacho uzito wake umeshauandika. Washa jiko kwa nguvu ndogo, dakika chache, toa, pima. Rudisha dakika moja, pima tena. Endelea mpaka uzito ugome kushuka. Kikiungua au kutoa moshi, kitupe uanze upya, maana sasa unapoteza na mafuta, na namba itakudanganya.

Gramu 10 zikibaki gramu 2.1, tunda hilo lina asilimia 21.

Mzani ndio wa kuangalia. Mzani wa jikoni unaosoma gramu nzima nzima haufai kabisa. Unaosoma 0.1 unakupa makosa ya karibu pointi nzima kwenye sampuli ya gramu 10, na pointi moja ndiyo tofauti ya kuvuna na kusubiri. Tafuta mzani mdogo kama wa sonara, unaosoma 0.01. Vipo madukani, na bei yake haifiki hata robo ya kile kifaa.

Usiangalie wastani peke yake. Kama wastani ni 22 lakini matunda matatu yako 18, kwenye kontena lako kuna matunda machanga, na mnunuzi atayakuta hayo hayo. Wenzetu wa Kenya wameumizwa na suala hili mpaka mamlaka yao imekuwa ikisimamisha kwa muda usafirishaji wa parachichi kwa meli kuelekea mwisho wa mwaka, kuzuia matunda machanga yasiharibu soko la wote.

Upande wa udongo, na kosa langu

Kwenye udongo teknolojia hii imeshakomaa. Mwaka 1980 watafiti watatu wa Kanada, Topp, Davis na Annan, walionyesha kwamba ukichomeka vijiti ardhini, ukatuma mpigo wa umeme na kupima muda unaotumia kwenda na kurudi, unajua maji yaliyomo. Udongo wenye maji mengi unauchelewesha mpigo. Kwa hesabu yao, udongo ukisoma 10 kwenye ile namba yetu, una maji kama asilimia 19 ya ujazo wake. Ukisoma 20, ni kama asilimia 35. Vihisi vingi vya kisasa vya umwagiliaji ni watoto na wajukuu wa kazi hiyo. Vya bei nafuu vinatumia mawimbi ya polepole zaidi, na ndiyo maana vinasumbuliwa zaidi na chumvi. Kadiri wimbi linavyokuwa la kasi, chumvi inalisumbua kidogo. Hiyo ni sababu halali ya kifaa cha kasi ya maikrowevu kuwa ghali.

Sasa kosa langu. Miaka ya nyuma nilimshauri kijana mmoja wa nyanya, nusu ekari, umwagiliaji wa matone, anunue kile kipima udongo cha vijiti viwili chenye mshale. Hakina betri, bei ya kutupa. Nilikiona kwa mtu, nikakipenda, nikamwambia. Kijana alikuwa anapitisha mbolea kwenye mipira ya matone kama tulivyokubaliana. Kila akichomeka, mshale uko kwenye "unyevu mwingi". Akawa anaruka siku, kisha siku mbili. Nilipofika, vichane vya kwanza vilikuwa vimeoza kitako karibu mstari mzima, na udongo ukiufukua kwa kiganja ni vumbi. Maji yalikuwa yanakuja kwa kushtukiza, mmea unashindwa kupeleka kalsiamu kwenye tunda. Hakunilaumu. Alisema tu, "Ila mshale ulisema yapo, bwana shamba."

Kumbe kifaa kile hakitumii wimbi lolote. Ni metali mbili tofauti zinazotengeneza umeme kidogo zikiwa kwenye udongo, kama betri ya kienyeji. Chumvi ikiongezeka umeme unaongezeka, mshale unapanda. Mbolea ni chumvi. Alikuwa anapima mbolea akidhani anapima maji.

Jaribu mwenyewe kama unacho. Kichovye kwenye glasi ya maji ya mvua. Mshale utakaa chini, eti pamekauka, na kiko ndani ya maji! Tia chumvi kijiko kimoja, koroga. Utaona.

Kwa vile vya "saba kwa moja" vinavyotaja naitrojeni, fosforasi na potasiamu, nina jaribio lingine ninalolipenda. Vikombe vitatu vya maji ya mvua. Cha kwanza acha hivyo hivyo. Cha pili yeyusha kijiko cha yurea. Cha tatu kijiko cha chumvi ya kupikia. Yurea ina naitrojeni asilimia 46, lakini ikishayeyuka haipitishi umeme zaidi ya maji kwa kiasi cha maana. Chumvi ya kupikia haina naitrojeni, fosforasi wala potasiamu ya maana, ila inapitisha umeme vizuri mno. Kifaa kikisema kikombe cha chumvi kimejaa mbolea na cha yurea hakina kitu, umeshajua kinachosomwa ni upitishaji wa umeme, na zile namba tatu zimekokotolewa kutoka hapo. Mwombe muuzaji akufanyie jaribio hilo mbele yako kabla ya kutoa hela. Kwa virutubisho peleka udongo maabara: TARI Mlingano kule Tanga, TARI Uyole Mbeya, au SUA Morogoro.

Ukipata kihisi cha kweli cha unyevu, kazi bado ni yako. Kisukume kwenye udongo ambao haujavurugwa, kishikane nao pande zote. Upenyo wa hewa ukibaki pembeni, kumbuka hewa ni 1, kitakwambia pamekauka. Usikiweke chini kabisa ya tundu la mpira. Sogea sentimita 10 mpaka 15. Kwa nyanya na pilipili hoho weka kimoja kwenye sentimita 15 na kingine 30, ili uone kama maji yanashuka au yanaishia juu.

Na usikopi namba za jirani. Asilimia 15 kwenye kichanga ni udongo ulioshiba, kwenye mfinyanzi ni udongo ambao mmea umeshashindwa kuunyonya. Mwagilia mpaka ushibe, uache siku moja au mbili maji ya ziada yashuke, andika namba: hiyo ndiyo "tanki limejaa" ya shamba lako. Uanzie hapo kwenda chini.

Kama haya yote yanaonekana ghali, kuna mfano wa karibu. Kwenye skimu za Kiwere na Magozi mkoani Iringa, mradi ulioshirikisha watafiti wa CSIRO ya Australia uliwapa wakulima kifaa kiitwacho Chameleon, yaani kinyonga. Hakitumii maikrowevu wala hakitoi asilimia. Kinawasha taa: bluu ni maji tele, kijani inatosha, nyekundu pamekauka. Wakulima waligundua walikuwa wanamwagilia mara nyingi kuliko inavyotakiwa, na kusafisha mbolea yao kwenda chini. Rangi tatu ziliwafaa kuliko namba saba.

Na zile programu za simu zinazosema "unyevu wa shamba lako kutoka angani"?

Setilaiti za maikrowevu zipo kweli, na uzuri wake zinaona kupitia mawingu, jambo kubwa kwa sisi wa nyanda za juu. SMAP ya Marekani ilirushwa tarehe 31 Januari 2015, inasikiliza kwenye gigahezi 1.41. Rada yake iliharibika Julai mwaka huo huo lakini kipokezi kinaendelea. Ila "doa" moja inaloliona lina upana wa kilomita kama 40. Hizo ni karibu ekari laki nne. Shamba lako la ekari 3 limo humo pamoja na misitu, barabara na mji. Tena inaona sentimita 5 za juu. Sentinel-1 ya Ulaya inaona vipande vidogo zaidi na data zake ni bure, lakini wimbi lake linachanganya unyevu, majani na matuta. Zinafaa kujua wilaya inaelekea ukame. Kufungua koki kesho asubuhi, fukua kwanza.

Turudi kwa kijana wa Njombe. Aliazima jiko la maikrowevu kwa dada yake, akanunua mzani. Tulipima matunda 10 siku ya Alhamisi jikoni kwake, mpaka saa mbili usiku, umeme ukikatika mara moja katikati. Mawili tuliyaunguza tukarudia. Wastani ulitoka asilimia 19.3, la chini kabisa 17.8, na moja tu ndilo lililovuka 21, nalo lilitoka kwenye mti wa ukingoni unaopigwa jua siku nzima. Jumamosi dalali alikuja na gari, akaonyeshwa daftari, akasema yeye hanunui kwa daftari, akaondoka. Tunapima tena Alhamisi ijayo, miti ile ile kumi, tuliifunga kamba nyekundu.